Mkono wa Tatu

Nyangeta aliingia ukumbini na matope mpaka magotini, akatupa panga lake mlangoni kama sheria ya benki inavyotaka, akapiga kiganja juu ya kaunta.

"Nimekuja kuangalia tanuru langu. Na msinicheleweshe. Fisi wamepiga kambi tena kule korongoni, nimewapita wanne wanachoma nyama na kuimba kama watu wa harusi."

"Karibu, dada," alisema Subilaga. "Fisi huja kupora watu kila Gharika ikikaribia."

"Ningekuwa siwajui Fisi, vitu vyangu vingekuwa kwangu."

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Kila siku ya mia, saa tisa alasiri, maji yaliinuka kutoka pande zote za Nyikani na kufuta kila kilichojengwa: nyumba, mashamba, ngome, hata makaburi ya mzaha ambayo wachezaji walichimbiana. Kilichopona ni kile ambacho mtu aliweza kukibeba kwa mikono yake miwili mpaka juu ya mlima, pamoja na kile kilichokuwa ndani ya masanduku yaliyofungwa kwa mikono mitatu. Waliotengeneza mchezo waliweka sharti hilo la mikono mitatu wakaishia hapo. Benki waliijenga wachezaji wenyewe, jiwe juu ya jiwe, na ikianguka hakuna wa kumshitaki.

Nyangeta alikuwa dereva wa lori huko Sirari. Ndani ya Nyikani alikuwa mhunzi. Tanuru lake lilimchukua miaka mitatu kulijenga, na watu arobaini walipata majembe na mapanga yao kutoka humo. Bila tanuru, kundi lake lingerudi kuchimba ardhi kwa mawe.

Subilaga alisimama katikati ya walinzi wenzake wawili. Kulia alikuwa Bi Mwanaidi, fundi cherehani wa Tanga, mwanamke wa miaka hamsini na ushei ambaye hata ndani ya mchezo hakukubali kuonekana bila kanga mabegani. Kushoto alikuwa Gwakisa, mrefu, mpole, anayeinamisha kichwa akisikiliza. Watatu hao walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka minne na hawakuwahi kuonana kwa macho. Hiyo nayo ilikuwa sheria. Walinzi wakifahamiana nje ya mchezo, siku moja watakula njama.

"Nje kukoje, mwali?" Bi Mwanaidi alimuuliza Subilaga.

"Jua. Jua la kukausha blanketi."

Swali hilo halikuwa salamu. Ukivua kofia ya mchezo, mwili wako unabaki Nyikani. Zamani ulibaki umelala kama gogo, na yeyote aliyepita alikuchinja akaondoka na viatu. Kisha wakaleta mwangwi. Ukishavaa kofia saa elfu moja, seva inakuwa imekusoma: unavyotembea, unavyokohoa, unavyojibu. Ukitoka, mwangwi unashika mwili wako, unaokota kuni, unasalimia watu, unakimbia hatari. Kwa macho huwezi kuutofautisha na mwenyewe. Lakini mwangwi haujui leo nje kuna nini. Kwa hiyo kabla ya kila sanduku walinzi waliulizana hali ya hewa, ili mikono mitatu iwe ya watu watatu walio macho.

"Na wewe Gwakisa, nje kukoje?"

"Mvua. Tukuyu hii, ulitaka nini kingine?"

Bi Mwanaidi akacheka kama alivyocheka jana na juzi. Viganja vitatu vikatua juu ya bamba la shaba. "Umeridhia?" "Nimeridhia." "Umeridhia?" "Wewe umeridhia? Basi nami nimeridhia," alijibu Gwakisa. Sanduku likafunguka. Nyangeta akalipapasa tanuru lake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, likafungwa. Akaokota panga akaondoka bila kuaga.

Subilaga alibaki ameganda, mkono ungali juu ya bamba.

Yeye pia aliishi Tukuyu. Gwakisa hakulijua hilo, wala hakupaswa kulijua. Na Tukuyu leo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, kulikuwa na jua.

* * *

Alivua kofia, akaosha uso, akavaa viatu. Alijiambia anakwenda dukani. Alipofika barabarani miguu ikakata kushoto, kuelekea upande ambao hakuwa na shughuli nao.

Miaka minne ya kusikia sauti ya mtu inakufundisha mengi. Nyuma ya sauti ya Gwakisa kulikuwa na msumeno wa mashine ya mbao, na saa nne kamili kulikuwa na kengele ya shule, ile ya kugonga rimu la gari kwa chuma. Tukuyu si kubwa. Mahali ambapo vyote viwili vinasikika ni mtaa mmoja tu.

Alimkuta mwanamke ameketi mkekani uani, anaanika maharage. Watu wote wa Tukuyu walikuwa wanaanika kitu siku hiyo.

"Hodi hapa."

"Karibu, dada."

"Samahani, namtafuta Gwakisa."

Mikono ya yule mwanamke ilisimama ndani ya maharage. "Wewe ni nani yake?"

"Nafanya naye kazi."

"Kazi gani?"

"Ya benki."

"Umepotea nyumba, dada yangu. Huyu wa kwetu hakuwa na kazi benki. Huyu wa kwetu hakuwa anatoka kitandani. Miaka sita kifua kimemfunga." Alimtazama Subilaga kuanzia viatuni mpaka usoni, na kitu kikabadilika machoni mwake. "Ngoja. Wewe ndiye Subi?"

Hakuna aliyemwita hivyo ila mtu mmoja.

"Alikuwa anasema, leo Subi kanichekesha nikakohoa mpaka nikalia. Mimi namwambia, huyo Subi atakuua." Mwanamke akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mimi ni Tusajigwe, dada yake. Tumemzika Jumanne, inaingia wiki ya tatu sasa. Alikuwa amevaa kile kikofia chake. Nilidhani anacheza."

Subilaga alikaa chini bila kukaribishwa. Alisema pole, akasema tena. Alihesabu kichwani: siku kumi na tisa. Siku kumi na tisa za "Mvua, Tukuyu hii", na kila siku jibu lilikuwa la kweli kwa sababu kila siku mvua ilinyesha. Mahali pengine popote wangemgundua kesho yake.

"Huko kwenu," Tusajigwe aliuliza polepole, "kuna kitu kilibaki?"

Alitamani kusema uongo. Akaeleza kuhusu mwangwi.

"Anatembea?"

"Anatembea."

"Kwa miguu yake?"

"Ndiyo."

Tusajigwe akarudia kuyatandaza maharage, punje baada ya punje, kana kwamba kila moja ina mahali pake. "Ndaga, asante dada," alisema mwishoni. "Basi mwacheni atembee."

* * *

"Inna lillahi," alisema Bi Mwanaidi, akajifunika uso kwa kanga. Alilia kidogo, kwa sauti ndogo. Kisha akaishusha kanga, na macho yake yalikuwa makavu. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Kupitia dirisha walimwona Gwakisa anafagia ua. Alikuwa anafagia kuanzia kisimani kuja mlangoni, kama siku zote.

"Sasa nisikilize, mwanangu. Kaa kimya."

"Bi Mwanaidi!"

"Siku mbili tu. Maji yakishuka tutasema, na nitasema mimi mwenyewe. Ukisema leo, watu mia nne na kumi na wawili watakuja mbio kuchukua vyao. Watatoka hapa mikono imejaa, hawawezi hata kushika silaha, na Fisi wako pale korongoni na chumvi tayari. Utakuwa umewafanyia Fisi kazi yao na kuwapelekea mpaka mezani."

"Walituamini kwa sababu tuko watatu."

"Wametuamini kwa sababu vitu vyao havijapotea. Vimepotea? Siku kumi na tisa, kimepotea hata kijiko?"

Subilaga alizunguka meza. Alikaa, akainuka. Kila alichokishika alikiweka chini. Yaliyosemwa na Bi Mwanaidi yalikuwa na mantiki kabisa, na hilo ndilo lililomkera.

Akatoka uani.

"Gwakisa."

"Naam, Subi."

Sauti ile ile. Kichwa kile kile kilichoinama. Alijikaza.

"Nataka tufungue sanduku la Nyangeta. Mwenyewe hayupo. Hajui."

"Wewe umeridhia?"

"Nimeridhia."

"Basi nami nimeridhia." Akaegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akaweka kiganja juu ya bamba, akasubiri, mpole, kama mtu anayesubiri chai.

Subilaga naye aliugusisha mkono wake kwenye bamba, akauondoa hapo hapo kama aliyeshika sufuria la moto.

Miaka miwili nyuma yeye na Bi Mwanaidi walitaka kufungua sanduku la mtu aliyetoweka miezi mitatu. Ndani yake mlikuwa na ngao sitini, Fisi walikuwa wanavunja geti, na walisema wataazima tu. Gwakisa alikataa. Walimbembeleza, wakamtukana, Bi Mwanaidi alimwita roho ya kutu. Siku tatu alisema hapana, na benki nusura ianguke. Siku ya nne mwenye sanduku alirudi kutoka alikokuwa, akazikuta ngao zake zote, na habari ile ikaenea Nyikani nzima. Hapo ndipo watu walipoanza kumiminika na vitu vyao. Benki ilisimama juu ya hapana moja ya mtu mgonjwa kitandani.

Lakini mwangwi hujifunza kinachorudiwa. Gwakisa aliridhia mara elfu nyingi. Alikataa mara moja. Kwa seva, mara moja ni vumbi.

"Bi Mwanaidi," aliita Subilaga. "Hatuko watatu. Wala hatuko wawili. Ninachokitaka mimi anakitaka yeye. Ninayo mikono miwili humu ndani."

"Na mimi je? Wa tatu si mimi? Mimi nitakukatalia."

"Zile ngao, wewe ulinikatalia?"

Bi Mwanaidi akaikaza kanga yake mabegani.

Subilaga akaenda kupiga kengele.

* * *

Walikuja. Kufikia mchana wa kesho yake msururu ulizunguka ua mara mbili. Alisimama juu ya ngazi akawaambia yote kwa maneno machache: nani amekufa, lini, masanduku mangapi yamefunguliwa kwa mkono wake tangu hapo. Kelele zikapasuka.

"Benki ya mizimu!"

"Siku kumi na tisa, nyie! Mlikuwa mnatuchekea machoni!"

"Huyo marehemu anachukua likizo lini?"

Ubaya ni kwamba hakukuwa na njia nyingine ya kuwarudishia vyao. Kila sanduku lilihitaji viganja vitatu, na cha tatu kilikuwa cha Gwakisa. Subilaga aliapa mbele ya wote kwamba mkono ule utatumika kwa kazi moja tu, kumrudishia mtu chake akiwa amesimama hapo hapo anaona. Walinzi wapya hawakupatikana. Kumbadilisha mlinzi kulihitaji ridhaa ya wote watatu, na ridhaa ya Gwakisa sasa ilikuwa kitu ambacho Subilaga hakutaka kukigusa. Isitoshe, nani angekubali? Mlinzi hufungiwa ndani ya hazina Gharika ikipita, na hatoki na kitu chake hata kimoja.

Kwa hiyo walifungua. "Umeridhia?" "Basi nami nimeridhia." Mara mia. Mara mia mbili. Bi Mwanaidi hakuondoka mahali pake. Wengine hawakutaka hata kumtazama Gwakisa. Mzee mmoja alimshika bega, akamwambia pole, na mwangwi ukajibu, "Asante mzee, habari za nyumbani?" Mzee akageuka akatoka haraka.

Nyangeta alibeba tanuru lake kifuani kama mtoto. "Jana nilikuwa hapa," alimwambia Subilaga. "Jana, saa hizi, nilisimama hapa hapa."

"Jana nilikuwa nimejua kwa dakika moja tu."

"Dakika inatosha kusema."

Akatoka na watu wake sita.

Habari za korongoni zilianza kufika kabla ya jua kuzama. Kundi la kwanza limechinjwa. La tatu limepita. La tano limechinjwa lote. Nyikani hufi, unaamka juu ya mlima mikono mitupu, lakini miaka yako inabaki pale chini kwenye matope, mtu mwingine anaiokota. Kila jina lililotajwa, Subilaga alitafuta kichwani lilikuwa na nini ndani ya sanduku, na alikumbuka mara zote.

* * *

Siku ya Gharika, saa nane na robo, masanduku thelathini na moja yalikuwa bado hazinani, na kabla ya kila Gharika lazima yafungwe upya kwa mikono mitatu. Wenyewe hawakuwa wamesikia. Mmoja alikuwa ameaga kwamba anakwenda kujifungua. Mwingine kijijini kwao hakuna mtandao mpaka wapande kilima.

"Tuyafunge," alisema Bi Mwanaidi. "Kwa mkono wa Gwakisa. Watu hawa wamekukosea nini?"

"Tukiyafunga, walinzi tunabaki sisi hao hao siku mia nyingine. Siku mia hakuna atakayenikatalia."

"Basi usiombe kitu kibaya!"

"Zile ngao sikujua kwamba ni kitu kibaya."

Mlango ukagongwa kwa teke. Nyangeta aliingia. Hakuwa na panga la kutupa mlangoni, hakuwa na viatu. Alikuwa amevaa lile shuka la kijivu ambalo kila aliyekufa huamka nalo.

Subilaga alishuka kutoka nyuma ya kaunta. Alikuwa ameandaa maneno tangu jana. Yote yalimtoka kichwani.

"Ungenyamaza," alisema Nyangeta, "sasa hivi ningekuwa na tanuru langu."

"Ndiyo."

"Watu wangu arobaini. Kesho nawaambia wachimbe kwa mawe."

"Ndiyo, dada."

"Sijaja kukusamehe. Usije ukafikiri hivyo." Akatazama masanduku yaliyobaki. "Haya ya nani?"

Bi Mwanaidi akamweleza kwa kifupi. Nyangeta alisikiliza huku anasugua matope yaliyokauka kwenye kiwiko. Mbali, chini ya bonde, mngurumo wa kwanza ulikuwa umeanza.

"Mnataka mkono," alisema.

"Tunataka mtu," alisema Subilaga. "Lakini ili uingie, yeye lazima atoke, na lazima aridhie."

Wote watatu wakamtazama Gwakisa. Alikuwa amesimama mahali pake kushoto, kichwa kimeinama, anasikiliza.

"Humu ndani hukaa watatu tu?" Nyangeta aliuliza.

"Watatu tu."

"Na maji yatamfanya nini huko nje?"

"Mwili usio na mtu wa kuuamsha mlimani haurudi."

Kwa mara ya kwanza Nyangeta hakuwa na haraka. Subilaga alifikiria ua wenye maharage, na mwanamke aliyesema mwacheni atembee. Atakwenda kumwambia. Kesho, kwa miguu yake, atakwenda kumwambia mwenyewe, na kama atafukuzwa, afukuzwe.

"Gwakisa."

"Naam, Subi."

"Nataka Nyangeta achukue nafasi yako. Wewe ukae nje, pale ngazini."

"Wewe umeridhia?"

Subilaga aliitafuta ile hapana usoni mwake, ile moja. Angeiona angepiga magoti kwa furaha, hata kama ingewagharimu masanduku yote.

"Nimeridhia."

"Basi nami nimeridhia." Akaweka kiganja juu ya bamba mara ya mwisho. Akamwinamia Bi Mwanaidi kidogo, kama alivyozoea akitoka zamu. Mlangoni akachukua ufagio, maana ua ulikuwa na majani. Bi Mwanaidi akasukuma komeo huku anapiga kelele za kilio ambazo hakujaribu kuzificha.

"Huyo ameridhia," Nyangeta aliuliza, "au umeridhia wewe?"

"Mimi. Mara mbili."

Mngurumo ulikuwa karibu sasa. Vumbi lilianza kudondoka kutoka kwenye dari. Nyangeta akasogea upande wa kushoto, mahali ambapo sakafu ilikuwa imelika kwa miaka minne ya nyayo za mtu mwingine, akasimama hatua moja pembeni yake. Aliyasoma majina kwenye masanduku yote thelathini na moja, moja moja, kwa sauti, bila kujali maji. Bi Mwanaidi aliguna. Subilaga alisubiri. Ilikuwa miezi mingi tangu mtu amfanye asubiri.

"Umeridhia?" aliuliza hatimaye.

Nyangeta akaweka kiganja chake juu ya bamba, kizito, chenye masizi.

"Kwa haya, nimeridhia," alisema. "Usinizoee."

Maji yakaupiga mlango.